Sita kwa Kumi, Tisa kwa Kumi

Jumamosi, kwa Zihindula, ukumbi wa video wa Nyamugo,
viti vya plastiki ishirini, franka mia tano kichwa,
tuliangalia msitu wa nchi ya mbali ukiungua
kwa saa moja na dakika arobaini.
Majirani ambao hawakwenda wananiuliza ilikuwaje.
Nasema.

Misonobari ilikuwa mizuri. Iliwaka kama imelipwa.
Baba wa filamu ana gari, jirani yake ana gari,
hata binti wa miaka kumi na sita ana gari,
na barabara pana inawangoja wote
kama mkeka aliotandikiwa mgeni.
Hapo tulicheka. Mwenye filamu hakukusudia tucheke.
Sisi wa Kadutu njia yetu ni bega moja:
ukipanda na ndoo,
mwenye godoro anangoja upite ndipo ashuke.

Ndege ikamwaga maji juu ya mlima, bwawa zima.
Mzee Birhahwa, nyuma yangu, kwa sauti:
"Na ya kwetu imepotelea njia gani?"
Ziwa tunaliona kutoka kila mlango.
Kuliona hakuzimi moto.

Halafu vile vinanda. Moto wa kweli hauna vinanda.
Una mabati yanayojikunja, misumari inayoruka,
harufu ya mawese, ya nailoni, ya madaftari ya shule,
na mtu mmoja anayeita jina moja.

Shujaa aliporudi ndani kumfuata mbwa,
Mama Nabintu aliinuka akatoka nje.
Yeye alirudia cherehani,
mwaka ule wa buji ya jirani.
Vidole vya mkono wake wa kushoto
hadi leo havikunjuki.

Lakini kuna mahali, karibu na mwisho,
mama anasimama kando ya lami, uso masizi matupu,
anahesabu watoto wake.
Mmoja, wawili, watatu.
Anarudia. Watatu.
Anarudia tena, kama vile hesabu ina tabia ya kusaliti.
Vinanda vimenyamaza, nasi tukanyamaza,
hata muuza karanga.
Basi, sita kwa kumi.
Nne kati ya hizo ni za mama huyo.

Sasa taa.
Niliinunua Nyawera kwa kijana mwenye sanduku kichwani.
Alitaka elfu kumi; nilimpa elfu sita na maneno.
Ni ndogo kama andazi. Unaichomeka ukutani umeme ukiwepo,
na umeme ukiondoka (utaondoka) yenyewe inabaki.
Ina jicho. Mguu ukipita gizani inaamka,
rangi ya chai ya maziwa,
kisha inalala bila kuambiwa.
Haina utambi. Haidondoshi nta kwenye chandarua.
Ukiigusa ni baridi kama kikombe cha bati asubuhi.
Mume wangu Mugisho hakuiamini:
wiki nzima, kabla ya kulala, aliinama akaipuliza.

Kasoro yake, haichagui.
Inamwakia mtoto anayetafuta sufuria ya mkojo,
inamwakia panya, kwa heshima ileile.
Nimeondoa alama moja. Tisa kwa kumi.

Jana saa tisa usiku iliwaka.
Panya, nadhani, au pazia na upepo.
Zikatokea mbao za ukuta, vichwa vya misumari,
chandarua cha bluu,
nyayo zimechomoza chini ya blanketi moja.
Sikuinuka. Nilihesabu tu.
Mmoja, wawili, watatu,
na yule wa marehemu dada yangu, wanne.
Ikazimika kabla sijamaliza mara ya pili.

Nikapunga mkono gizani ili iwake tena.